Dawa ya Mkanda wa Navoneiwa

Vijana wangu wa studio, tangu nilipoaga mmekuwa mkinipigia simu kuuliza jambo lilelile: mkanda wa picha nyeusi na nyeupe unaotakiwa kuingia kwenye skana usafishwe kwa dawa gani? Mnataka jibu fupi la kubandika ukutani, pale juu ya sinki. Ninalo, na nitawapa. Lakini sasa nimestaafu, asubuhi zangu ni ndefu, na jibu fupi mtalisahau kabla gundi haijakauka. Kaeni kidogo.

Nilishuka Same kutoka Mbaga nikiwa binti, kutafuta kazi ya kushona. Cherehani zilikuwepo, nyuzi ndizo hazikuwepo. Ilikuwa miaka ile ambayo ukiona watu wamepanga foleni unajiunga kwanza, kisha ndipo unauliza kinachouzwa. Katika foleni moja ya namna hiyo, ambayo mwishowe ilikuwa ya viberiti, mama mmoja aliniambia kuna Mngoni mwenye studio karibu na stesheni anatafuta mtu wa chumba cha giza. Nikaenda. Mngoni mwenyewe alikuwa Fundi Ngonyani, mtu mfupi wa sauti ya taratibu. Alikuja zamani kukata mkonge kwenye mashamba ya bondeni, akaanza kuwapiga wenzake picha za vitambulisho siku za Jumapili, mpaka kamera ikamtoa kwenye mkonge. Alinipa mkono, akaushikilia muda mrefu. Nikaanza kuutafuta mlango kwa macho.

"Usiogope, binti," akasema. "Natazama kama mkono unatoa jasho. Wa jasho anaharibu mikanda."

Wangu ulikuwa mkavu. Nadhani ulikauka kwa hofu, lakini kazi niliipata. Akanikalisha kwenye stuli ndani ya chumba cha giza, akafunga mlango, akazima hata ile taa nyekundu.

"Unaona nini?"

"Sioni kitu, Fundi."

"Vizuri. Ukianza kuona vitu niambie."

Sikujua kama alikuwa akiuhofia ukuta kuwa na tundu au akili yangu kuwa nalo. Akatoka, akaniacha. Kwanza nilisikia bomba likidondosha maji, kisha treni ikipiga honi mbali, kisha moyo wangu. Baada ya hapo giza likaacha kuwa ukuta, likawa mahali. Sina namna bora zaidi ya kulieleza. Miaka yote niliyofanya kazi, kila nilipofunga ule mlango nilihisi nimeingia katika nyumba ambayo watu wake wako karibu na wananisubiri niwaite. Niliipenda hali hiyo kuliko nilivyopenda mchana, na mume wangu alilalamika juu yake mpaka akachoka.

Kesho yake nikaonyeshwa picha ikitoka. Karatasi nyeupe imelala ndani ya beseni, chini ya taa nyekundu, Fundi anaitikisa dawa kwa ncha ya kidole. Likaja jicho. Ukaja ukosi wa shati. Halafu akaja mtu mzima, manamba wa mkonge kutoka Kigoma, akinitazama kutoka chini ya maji bila kupepesa. Nilirudi nyuma nikagonga rafu. Fundi hakucheka. Alisema kila mtu hurudi nyuma mara ya kwanza, na asiyerudi yeye humtilia shaka.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache na vyote vilikuwa na kasoro, kasoro ambazo tulizijua kwa majina. Kipimajoto kilivunjika mwaka wangu wa kwanza, na kingine hakikupatikana Same, Moshi wala Tanga. Tangu hapo tulipima dawa kwa kiwiko, kama mama anavyopima maji ya kumwogeshea mtoto. Chupa za dawa zilikaa ndani ya mtungi wa maji, maana joto la Same mnalijua. Mkanda una utando laini ambao picha hukaa ndani yake, na utando huo ukikutana na maji ya moto huvimba na kukunjamana. Mtu anaingia kwenye tangi la dawa kijana na kutoka ana mikunjo ya babu yake.

Fundi alinifundisha kwamba kila dawa ina tabia yake. Kulikuwa na dawa ya unga, ambayo unaikoroga na kuiacha ilale. Hiyo ilikuwa na subira, ikitoa ngozi laini na chenga ndogo sana, zile punje zinazoiunda picha. Kulikuwa na dawa ya maji mazito kama asali, matone machache yanatosha tangi zima. Hiyo ilifanya kazi haraka na safi, bila kubembeleza mtu. Halafu, mambo yalipozidi kuwa mabaya, kukawa na dawa ya eksirei.

Hiyo tuliipata hospitali ya misheni, mabaki waliyokuwa karibu kuyamwaga, na sisi tukawalipa kwa kuwapiga picha wauguzi. Dawa ya eksirei ilitengenezwa kutafuta mfupa uliovunjika, siyo tabasamu. Ikikuta shavu la bibi harusi inalitendea kama nyonga. Mkanda ulitoka mzito, mweusi usiopitisha mwanga vizuri, wenye chenga kubwa kama za mahindi yaliyosagwa nusu. Lakini karatasi zetu za kuchapia nazo zilikuwa zimelala kwenye maghala ya watu mpaka zimechoka, na karatasi iliyochoka ikipewa negativu nyepesi, mkanda uliosafishwa ukabaki mwangavu, hutoa picha ya kijivu, kila mtu anaonekana ana homa. Kwa hiyo tulizoea kuzipika negativu zetu ziive sana. Kadiri ilivyokuwa nzito ndivyo tulivyojisifu. Likumbukeni hilo, maana ndilo lililokuja kutuumbua.

Mikanda ya heshima, ya harusi na ya ubatizo, hatukuisafishia Same. Tuliipandisha Mbaga kwa shangazi yangu, ambako maji ya kijito ni baridi na hakuna vumbi la kuganda kwenye mkanda unaokauka. Tulipanda na lori la mtu yeyote mwenye dizeli, matangi yakiwa kwenye kikapu. Mchana kutwa ukungu ulishuka kutoka msituni, ukapita barazani kati ya mikanda iliyoning'inia chini ya paa, na mimi nilikaa nikiitazama ikitikisika polepole, sura ndogo ndogo zilizogeuzwa, weusi wamekuwa weupe na weupe wamekuwa weusi, zikitokea na kupotea. Wakati mwingine sikuweza kusema ni yupi aliyekuwa ndani ya ukungu na yupi aliyekuwa ndani ya mkanda. Shangazi alisema nimeanza kurogwa na Wangoni.

Ndivyo nilivyomjua Navoneiwa, katika safari hizo za mlimani. Alikuwa mke wa mkulima wa Vudee, Mlutheri, amenizidi miaka kadhaa. Kaka yake alifanya kazi reli, na alimletea zawadi ya mkanda mmoja kutoka Mombasa kwa njia ambazo hatukuziuliza. Mkanda mzima, wa kwake peke yake, wakati sisi tuliwagawia familia nne mkanda mmoja! Akamwita Fundi apande ampigie picha za ubatizo wa mtoto wake wa kwanza, Elisante, ambaye alikuwa ameshaanza kutembea. Ubatizo ulichelewa kwa sababu walikuwa wakisubiri sukari. Nilikwenda kumbebea Fundi mfuko. Nakumbuka ukungu, nakumbuka chai, na nakumbuka kwamba Navoneiwa alimfuata mtoto kila alikokwenda kwa mikono iliyonyooshwa, bila kumgusa. Sura ya mtoto sikumbuki. Kupiga picha ni kazi ya ajabu, unaikabidhi kamera kumbukumbu na wewe mwenyewe unaondoka mikono mitupu.

Tuliporudi Same hakukuwa na dawa. Unga umekwisha, maji mazito yamekwisha, na hospitali nao walikuwa wanawatazama wagonjwa wao kwa macho tu. Fundi alikuwa na desturi kwa nyakati kama hizo, na sijaiona kwingine. Hakubaki na mkanda asioweza kuumaliza. Aliuzungushia karatasi nyeusi, akaufunga kwa uzi na kumrudishia mwenyewe.

"Sura ni zenu," aliwaambia. "Kaeni nao mahali pa baridi. Msiufungue. Dawa ikija, njooni."

Hivyo kwa muda fulani nusu ya wilaya ilikuwa imehifadhi ndugu zake ndani ya masanduku ya nguo. Wengi walitii. Jamaa mmoja wa Kihurio alishindwa kuvumilia, akaufungua juani kuhakikisha kama mke wake bado yumo. Tulipokuja kuusafisha ulitoka mweusi tii kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mke alikuwa amesimama mlangoni pa studio, akimtazama mumewe kwa jicho ambalo sikuhitaji kamera kulikumbuka.

Halafu ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa. Mnaosoma haya mlikuwa bado kuzaliwa au mlikuwa mnanyonya, kwa hiyo hamjui ilivyokuwa kuamka na kukuta duka lina sabuni za aina tatu. Ilikuja mitumba, zikaja redio, zikaja kandambili za rangi. Ikaja na dawa, tena kwa katoni. Watu wa mikanda ya masanduku wakashuka mmoja mmoja, kutoka Ndungu, kutoka Suji, hata mmoja kutoka Kileo aliyekuwa amehamia huko na mkanda wake. Navoneiwa hakuja. Tulisikia kwamba Elisante alichukuliwa na surua mwaka uleule wa ubatizo. Nilimtumia salamu kwa watu wa kanisani kwamba dawa ipo. Jibu halikurudi.

Ila dawa ilirudi wakati watu hawaitaki tena. Moshi kulikuwa na mashine ya picha za rangi, unapeleka asubuhi na jioni unapata wajomba wako wakiwa wekundu kama nyanya, na kila mtu alifurahi. Fundi alitazama picha hizo akasema hazina giza ndani yake. Kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua. Akarudi kwao Songea, akaniachia matangi, mtungi na taa nyekundu. Nilimlilia pale stendi bila aibu, watu wakidhani ni baba yangu, na mimi sikuwasahihisha. Hatukuonana tena.

Miaka iliyofuata naruka, haina picha. Nafika siku Eliamini alipoleta skana. Eliamini mnamjua nyote kama bosi wenu mwenye kitambi. Wakati huo alikuwa kijana mwembamba aliyetoka kusomea kompyuta Dar es Salaam na kununua skana ya mtumba iliyolia kama mbuzi kila ilipoanza kazi. Watu wakaanza kuleta negativu za zamani ili wazee wao watolewe upya. Na mimi kwa kujidai nikamletea zile nilizojivunia, zilizoiva, nzito, za miaka ya eksirei.

Skana ikazikataa. Haikuweza kupenya. Gauni la bibi harusi likatoka shuka tupu, na uso wake ukajaa chenga mpaka ungedhani ameugua ndui, maana skana ikiona chenga huzitia chumvi. Halafu Eliamini akaokota kwenye boksi la taka negativu moja nyepesi, niliyokuwa naionea haya, iliyosafishwa kwa haraka siku tuliyokuwa na unga kidogo. Ikatoka na kila kitu: kope, uzi wa vifungo, mvuke wa chai kwenye kikombe. Ustadi wangu wote ulikuwa wa karatasi, na karatasi ilikuwa imekwisha.

Basi jibu lenu la ukutani ni hili. Tumieni dawa ya unga, ile yenye subira, bila kuizimua sana, kwa sababu ndiyo inayofanya chenga ziwe ndogo. Punguzeni muda kidogo kuliko kijitabu kinavyosema. Mkanda ukitoka mwepesi kiasi cha kuweza kusoma gazeti kupitia kwenye anga lake, sehemu iliyo nyeusi kuliko zote, umefaulu. Mkanda mzito huwezi kuufanya mwepesi, ila mwepesi mashine itauinua. Dawa kali, ya eksirei au ya maji mazito, inayochonga chenga, waachieni wenye karatasi na wenye mapenzi ya zamani. Suuzeni vizuri. Anikeni bafuni baada ya mtu kuoga, si dirishani.

Bandikeni hilo. Sasa niwaeleze siku ambayo jibu hilo halikufaa.

Ilikuwa siku ya soko. Pikapu ya mlimani ilishusha watu mbele ya studio, na mmoja wao alikuja moja kwa moja mlangoni, akigusa ukuta kwa vidole. Nilimtambua kwa namna alivyonyoosha mikono. Tukasalimiana, nikamkalisha, nikaagiza chai.

"Unajua nimefuata nini, mdogo wangu," Navoneiwa akasema.

"Mkanda."

"Bado ninao. Uko kwenye kopo la maziwa, ndani ya sanduku. Sijaufungua."

"Mbona hukuja, dada? Dawa ilipokuja nilikutumia watu."

Alikizungusha kikombe mezani. "Ukiwa umefungwa, yumo. Mkiufungua mkakuta hayumo, mimi ningebaki na nini?"

Nikamwongezea sukari ambayo hakuiomba.

"Sasa nina presha ya macho," akaendelea. "La kushoto limekwisha. La kulia naona kiduara tu hapa katikati, na daktari anasema nacho kinafunga. Kikishafunga, hata akiwemo hatanisaidia. Nataka nimwone kabla. Ila mkanda haushuki. Nyinyi ndio mpande."

Usiku huo sikulala vizuri, nakiri. Mkanda uliokaa miaka yote ile unajitengenezea ukungu wake wenyewe, kijivu kinachofunika kila kitu, na picha iliyomo ndani inafifia. Ni mkanda mmoja. Ukishaingia kwenye dawa hakuna kurudi, na nikikosea ningekuwa nimemzika yule mtoto mara ya pili mbele ya mama yake.

Asubuhi tukabishana na Eliamini.

"Mama Kunda, tumia ya unga," akasema. "Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha. Skana inachukia chenga."

"Ya unga inataka kukaa. Mkanda huu ukikaa kwenye dawa, ukungu utatangulia kutoka kabla ya mtoto."

"Basi tumia kali, uupike uive kama zamani, angalau kionekane kitu."

"Ukiupika na ukungu unaiva. Nataka ile ya maji mazito, niifanye kali, lakini iwe ya baridi sana na niitoe mapema. Na niweke chumvi kidogo ya bromidi, inazuia ukungu."

"Ya baridi tena muda mfupi? Utatoka mwepesi mno, hautaonekana."

"Kwa karatasi, hautaonekana. Mimi nilikuwa na karatasi. Wewe una mashine."

Akajikuna kichwa. Alisema mashine haiwezi kuinua kisichokuwepo. Nikamwambia ndiyo, hilo nalijua, na ndilo linalonitesa. Tukabeba dawa zote mbili, tukapanda.

Nyumba ya Navoneiwa ilikuwa na stoo ya ndani inayonukia tangawizi. Tukaziba dirisha kwa mablanketi. Kabla sijaingia nilimwuliza picha za mwisho zilikuwa za nani, kwa sababu mkanda wa namna ile ukiufungua unakutana na picha za mwisho kwanza, na nilitaka kukata vipande vya kujaribia.

"Mwisho ni wazee wa kanisa, wamesimama kwenye ngazi," akasema bila kufikiri. "Elisante ni wa mwanzo. Yeye yuko ndani kabisa."

Kipande cha kwanza nilikisafisha kwa dawa ya unga, kama jibu la ukutani linavyotaka, ili Eliamini aridhike na mimi niwe na hakika. Kilitoka cha kijivu, sawasawa toka ukingo hadi ukingo. Hapakuwa na mzee wala ngazi. Navoneiwa alisikia tulivyonyamaza.

"Hayumo?"

"Hao walikuwa wazee, dada. Si yeye."

"Wazee nao walipendeza siku ile," akasema kwa huzuni kidogo.

Kipande cha pili nikatumia ile ya maji mazito. Maji ya kijito chao yaliniuma kiwiko mpaka kwenye mfupa, na nikajua yanafaa. Nilitoa dawa mapema kuliko moyo ulivyotaka. Nilipokiinua kipande mlangoni, kwenye mwanga, kulikuwa na ukosi wa mchungaji. Ukosi tu, na vivuli vya watu pembeni yake. Eliamini alinitazama, nikamtazama. Nikarudi stoo na mkanda uliobaki, nikafunga mlango.

Mle ndani nilikuta giza langu la zamani. Vidole vilijua kazi yao, nami niliviacha. Niliuvingirisha mkanda mpaka nikafika kwenye sehemu za ndani, za mwanzo, na nilihisi mtu mdogo anapita mkononi mwangu. Sijawahi kumwambia mtu hilo. Nikafunga tangi, nikatoka, nikamimina dawa, nikahesabu kimoyomoyo, nikaimwaga. Mikono yangu, ile mikavu, ilikuwa inatoa jasho.

Mkanda ulitoka mwepesi mno. Enzi za karatasi ningeutupa. Kulikuwa na mabaka, na namba zilizochapwa kwenye karatasi ya kiwandani inayovingirishwa pamoja na mkanda zilikuwa zimehamia juu ya picha. Navoneiwa alisimama karibu yangu.

"Yumo?"

"Kuna kitu, dada," nikamwambia. "Sijui ni nani."

Tukauanika barazani. Ukungu ukashuka, nao ukaupitia. Navoneiwa akaleta kigoda, akakaa chini ya mkanda mchana wote kuufukuzia kuku. Hakuutazama. Alikaa tu, mgongo umenyooka, kama mtu anayelinda usingizi wa mtoto.

Kesho yake aliukubali ushuke, lakini aliubeba mwenyewe, kwenye bahasha, kifuani, mpaka Same. Eliamini akauweka kwenye skana. Ikalia kama mbuzi, kama kawaida yake. Kwenye kioo cha kompyuta kikaja kijivu, mabaka, na namba kubwa imekatiza katikati. Eliamini alikuwa ameanza kutokwa jasho. Akavuta weusi upande huu, weupe upande ule, polepole, akitoa ukungu kidogo kidogo. Nami nikaona tena kile nilichokiona siku ile ya kwanza kwenye beseni. Likaja jicho. Likaja shavu. Akaja mtoto amesimama kwenye nyasi, na nyuma yake mlima haupo, umefunikwa.

Navoneiwa alisogeza uso mpaka karibu na kioo. Alikuwa anamtafuta kwa kile kiduara chake, anahamisha kichwa taratibu, kwanza miguu, kisha kanzu ya ubatizo, kisha akafika usoni. Akakaa hapo.

"Huyu siye," akasema.

Eliamini aliondoa mkono kwenye kompyuta. Mimi nilitaka ardhi inimeze.

"Elisante alikuwa mwembamba. Macho yameingia ndani. Huyu ni..." Akasogea tena. Akaweka kidole kwenye shavu, akakizungusha pale. "Huyu ana mashavu."

Nje mtu alikuwa anauza ndizi kwa sauti.

"Kumbe alikuwa na mashavu," akasema. "Miaka yote nimekuwa namwona yule wa kitandani. Wa surua. Nilidhani ndivyo alivyokuwa. Mwanangu, kumbe ulikuwa mnene hivi!"

Alilia, na mimi nikalia. Eliamini akajifanya anatafuta kitu chini ya meza. Baadaye Navoneiwa akajifuta kwa ncha ya kanga, akarudi kwenye kioo, maana alikuwa hana muda wa kupoteza na lile jicho. Mtoto alikuwa amenyanyua kidevu, mdomo uko wazi nusu, hamtazami mpiga picha, anamtazama mtu aliyesimama pembeni ya kamera.

"Ananitazama mimi," akasema. "Nilisimama pale. Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kuamkia, Fundi akamwambia, 'Mwamkie mama.' Akasema nusu tu, halafu Fundi akabonyeza. Watu wakacheka. Hata mimi nikacheka, sikumwitikia."

Eliamini alipeleka mkono ili alete picha inayofuata. Nikamshika mkono asibonyeze.

"Marahaba, baba," Navoneiwa akamwambia mtoto. "Marahaba."